Mwalimu, nikilegeza nyuzi na kuchomeka karatasi, naharibu gita?

*Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, naishi Buzuruga hapa Mwanza. Napiga gita kavu kwenye kwaya ya kanisani, na mara nyingine kwenye harusi. Siku hizi kwenye simu naona watu wanalaza gita mezani, wanachomeka vitu kwenye nyuzi, wanagonga bodi kama ngoma, wanalegeza nyuzi mpaka gita linakuwa kitu kingine kabisa. Nimejaribu kulegeza nyuzi na kupitisha karatasi katikati yake, nikapenda mno. Wenzangu wa kwaya wanasema naharibu gita na naharibu muziki. Sina pedali wala amplifaya. Je, ni kweli naharibu? Nianzie wapi, na nimsikilize nani?*

Marahaba, mwanangu. Wenzako wametumia neno moja, kuharibu, kwa mambo mawili. Kuna kuharibu mbao na kuna kuharibu muziki. La mbao ni fupi, tulimalize kwanza.

Gita la nyuzi za chuma hubeba mvuto wa takriban kilo 70 kwa nyuzi zote sita pamoja, kutegemea unene wa nyuzi ulizofunga. Mzigo huo uko pale usiku na mchana, hata gita likiwa limetundikwa ukutani. Ukilegeza, unaupunguza. Kinachoua gita ni kukaza. Ukipandisha uzi kwa toni moja nzima, mvuto wake unaongezeka kwa takriban asilimia 26, na magita mengi ya bei nafuu tunayonunua mjini hayakutengenezwa kwa nyongeza hiyo. Nimeletewa magita yaliyobanduka daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye bodi, na mara nyingi nikimuuliza mwenyewe ananiambia alikuwa amepandisha nyuzi ili alingane na sauti ya mwimbaji. Kwa hiyo shika hili: chagua tyuni, yaani mpangilio wa sauti za nyuzi, zinazoshuka. Ukitaka sauti ya juu, funga kapo, kile kibanio cha shingoni.

Karatasi haidhuru kitu. Kugonga bodi kwa kiganja na ncha za vidole hakudhuru, alimradi usigonge kwa pete wala kwa kucha ndefu karibu na tundu. Gita lako likiwa la plaiwudi, shukuru, maana plaiwudi huvumilia kugongwa kuliko ubao mzima wa bei kubwa. Chuma chochote utakachopitisha chini ya nyuzi kizungushie utepe wa karatasi wenye gundi kwanza, kisije kikachubua shingo. Na kwa sababu tunaishi kando ya ziwa, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Hewa ya hapa na jasho la vidole huzila upesi.

Sasa la muziki, ambalo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu wanaokwambia unaharibu wanadhani gita lina namna moja ya haki ya kupigwa na kwamba namna hiyo ndiyo yetu. Siyo. Tyuni ya kawaida ya E A D G B E ilikuja na gita lenyewe kutoka mbali. Watu wa ukanda huu walipolipokea hawakulipiga walivyolikuta. Waliligeuza lifanane na vyombo walivyokuwa navyo tayari, na kazi hiyo haikuanza na simu yako.

Chukua nyatiti ya Wajaluo, ambayo unaweza kuisikia hapa hapa Rorya. Ina nyuzi nane. Mpigaji hukaa chini, chombo kimelala ubavu mbele yake, mikono yote miwili iko kwenye nyuzi. Kwenye dole gumba la mguu amevaa pete ya chuma anayogongea mti wa nyatiti yenyewe, na mguuni amefunga njuga. Mtu mmoja, lakini unasikia nyuzi, mdundo wa ngoma, njuga na sauti ya kuimba kwa wakati mmoja. Yule uliyemwona kwenye simu akigonga bodi huku anachezesha nyuzi anafanya kazi ya mpiga nyatiti, tofauti ni kwamba yeye mguu wake umepumzika.

Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 upande wetu wa mpaka, eneo la Shirati, akaenda kufanya jina Kenya na bendi yake ya Shirati Jazz. Muziki wa benga anaohesabiwa kuwa miongoni mwa waasisi wake umejengwa kwa kuhamisha nyatiti kwenye gita la umeme. Sikiliza jinsi solo inavyofuata maneno ya mwimbaji karibu silabi kwa silabi, na jinsi besi isivyotulia mahali pamoja. Kisha waimbaji wananyamaza, magita yanabaki yanafukuzana kwa kasi mpaka mwisho. Mpiga gita wa zama zile aliyefundishwa kushika kordi na kukwaruza angeweza kabisa kusema jamaa huyu anaharibu.

Vuka kidogo uende magharibi ya Kenya ukutane na omutibo, mtindo wa gita kavu uliojulikana kupitia George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Gumba linapiga besi, vidole vinapiga wimbo, na pembeni yupo mtu mwenye chupa ya Fanta, ile ya kioo yenye mikunjo, anaigonga na kuikwaruza kushika mwendo. Chupa ya soda! Hakuna aliyesubiri kununua ngoma za bei mbaya.

Na hao ni wa gita tu. Tarime kuna iritungu ya Wakurya, zeze kubwa la nyuzi nane lenye sauti nzito inayotikisa kifua. Bukoba kuna enanga ya Wahaya, mti uliochongwa kama mtumbwi, ambamo uzi mmoja mrefu hupitishwa kwenda na kurudi mpaka unakuwa nyuzi kadhaa. Wasukuma wana ndono, upinde wenye uzi na kibuyu. Ukikaa mbele ya vyombo hivi utagundua kitu kimoja: vingi havijali kordi. Vinajali mzunguko mfupi unaorudiwa, ukibadilika kidogo kidogo hadi msikilizaji anasahau saa. Huo ndio mlango wako, mwanangu. Usianze na swali la mbinu gani ujifunze. Anza na sauti gani inakukosesha usingizi, halafu ulitafutie gita njia ya kuitoa. Mpiga gita anayekusanya mbinu bila kutafuta sauti huishia na maonyesho ya dakika mbili, na dakika ya tatu hana la kusema.

Umeniuliza uanzie wapi, kwa hiyo nitakupa njia ninayowapa wanafunzi wangu, ingawa sitakuficha kwamba ina upendeleo wangu.

Mwezi wa kwanza kaa kwenye tyuni moja ya wazi, D. Uzi wa sita, E, ushushe hadi D. Wa tano, A, na wa nne, D, usiwaguse. Wa tatu, G, ushushe nusu toni uwe F#. Wa pili, B, uwe A. Wa kwanza, E, uwe D. Hakuna uzi hata mmoja uliopanda. Sasa piga nyuzi zote bila kushika chochote: unasikia kordi nzima ya D. Laza kidole kimoja juu ya nyuzi zote freti ya 5 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), ni G. Freti ya 7, ni A. Tayari una kordi tatu zinazobeba nyimbo nyingi za kwaya yenu, kwa kidole kimoja. Lakini sikukuleta huku kwa ajili ya urahisi. Nimekuleta kwa sababu nyuzi zikiwa wazi namna hii zinaitikiana: ukigusa wa kwanza, wa nne na wa sita nao wanaanza kuvuma bila kuguswa, kwa kuwa wote ni D. Gita kavu dogo linakuwa na kifua.

Kwenye tyuni hiyo jifunze mazoezi ya gumba. Liweke gumba kwenye nyuzi tatu nene za besi, lipige mzunguko wa mapigo manne usiobadilika, sita, nne, tano, nne, na lisilale hata kama nyumba inawaka. Kidole cha shahada peke yake kipige juu. Vidole viwili tu. Usidharau: Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952, alipiga kwa gumba na shahada, na ukisikia rekodi zile utatafuta gita la pili ambalo halipo. Aliimba kwa Kiswahili pia, kwa hiyo utamsikia kama jirani.

Ukiwa hapo hapo kwenye D wazi, tafuta kitu cha kutelezesha. Usikate shingo ya chupa. Vioo vimewakata vidole wapiga gita wengi. Pita gereji yoyote, omba soketi ndefu ya spana iliyochakaa inayoingia kwenye kidole chako kidogo au cha pete, ioshe mafuta vizuri. Duane Allman wa Marekani alitumia kichupa cha kioo cha dawa. Siri ni mbili. Soketi ikae juu kabisa ya chuma cha freti, siyo nyuma yake kama unavyokaza kidole, na usikandamize uzi mpaka uguse mbao. Ya pili, vidole vinavyobaki nyuma ya soketi viguse nyuzi kidogo kuzinyamazisha, la sivyo utapata mlio wa paka. Ukisikia sauti imeanza kulia kama mtu anayeimba, inayopanda na kushuka bila ngazi, umefika. Wahawaii waliifanya kwa gita lililolazwa mapajani na kipande cha chuma tangu mwishoni mwa karne ya 19, na anayetajwa kuwa mwanzilishi ni kijana wa shule, Joseph Kekuku. Naye alikuwa mdogo kuliko wewe.

Kuhusu karatasi yako, hilo lilinifurahisha. Karatasi iliyosukwa kati ya nyuzi karibu na daraja, juu ya huu chini ya ule, inageuza gita kuwa chombo kinachokereza, yaani chenye sauti ya kukwaruza. Mwimbaji wa Marekani, Johnny Cash, alifanya hivyo ili gita litoe mlio wa ngoma ndogo, kwa sababu kikundi chake hakikuwa na mpiga ngoma. Lakini sikiliza pia ilimba ya Wagogo, chombo cha vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ile aliyoipeleka duniani marehemu Hukwe Zawose wa Dodoma: kwenye sanduku lake kuna vitundu vilivyofunikwa kwa utando wa buibui, makusudi, ili kila noti itoke na mkerezo. Mkerezo ule unaweza kuitwa kelele na sikio lisilouzoea. Kwa aliyetengeneza ilimba, sauti bila mkerezo ni uji bila chumvi. Jaribu karatasi ya daftari, kisha ya mfuko wa sukari, kisha ya kaki nene. Kila moja ina mlio wake. Kisha toa karatasi, weka kipande chembamba cha sponji ya kuoshea vyombo chini ya nyuzi pale pale darajani. Noti zinakuwa fupi na kavu. Wapiga gita wa Zimbabwe, Jonah Sithole akiwa mmoja wa waliotukuka, walipata sauti ya mbira, ndugu ya ilimba, kwenye gita la umeme kwa kufinya nyuzi kwa kiganja; sponji itakusaidia kusikia wanachokitafuta kabla kiganja chako hakijajua kazi.

Kuna moja ya bei ya uzi mmoja ambayo ningependa wapiga gita wote wa harusi wa mji huu waijue. Wakongo wanaiita mi-composé. Ondoa uzi wa nne, funga mahali pake uzi mwembamba wa kwanza, uutyuni D, lakini D ya juu, oktavi moja zaidi ya ile uliyoitoa. Uzi huo mwembamba umezoea kufika E, kwa hiyo D haumpi taabu. Kordi zako zote za tyuni ya kawaida zinabaki zilivyo, vidole havijifunzi kitu kipya, ila ghafla kuna noti inayong'aa mahali sikio lilipotegemea giza. Ndiyo ile sauti ya kutiririka inayokaa katikati ya solo na rithimu kwenye rumba. Kwaya haitajua umefanya nini, lakini mtu atauliza.

Harmoniki nazo hazidai pesa. Gusa uzi taratibu, bila kuukandamiza, juu kabisa ya chuma cha freti ya 12, upige, na uinue kidole papo hapo. Umeugawa uzi nusu kwa nusu, unasikia oktavi. Freti ya 7 unaugawa mara tatu, ya 5 mara nne. Sauti inatoka kama kengele ndogo. Ukishazipata, legeza nyuzi zote kidogo, pitisha penseli chini yake karibu na freti ya 12, halafu tyuni upya. Sasa kila uzi una pande mbili, na zote zinapigika. Ukipiga upande mmoja, mwingine unaitikia. Sogeza penseli kidogo kidogo, kuna mahali ambapo itasikika kama sahani zilizovunjika na kuna mahali itakuwa kengele tupu. Mahali pa kengele ni pale penseli inapougawa uzi kwa mafungu yaleyale ya harmoniki. Lee Ranaldo na Thurston Moore wa Sonic Youth, bendi iliyoanza New York mwaka 1981, walichomeka bisibisi chini ya nyuzi kwa kazi kama hii. Penseli inakutosha.

Kupiga kwa kugonga shingo kwa mikono yote miwili sitakukataza, lakini mimi nisingeanza nako. Kunahitaji nyuzi zilizo karibu sana na shingo, na kwenye gita kavu la kawaida sauti hutoka nyembamba mpaka mtu anakata tamaa. Ukifika wakati wake, msikilize mpiga gita wa Marekani Michael Hedges, rekodi yake ya 1984 iitwayo Aerial Boundaries, uone mtu aliyegonga, akavuta, akapiga bodi na kulegeza nyuzi kwa pamoja, na bado ni wimbo.

Na wale wanaolaza gita mezani? Mwingereza Keith Rowe, wa kikundi cha AMM kilichoanza mwaka 1965, alipata wazo kwa mchoraji Jackson Pollock, aliyekuwa akitandaza turubai sakafuni badala ya kuisimamisha. Rowe akajisemea kwamba gita nalo linaweza kulala. Akaacha kordi kabisa. Mwaka 1974 Fred Frith akatoa Guitar Solos, gita peke yake likiwa limevishwa vitu na kuchezewa pande zote. Nilipowasikia mara ya kwanza niliona ugumu. Nilirudi kwao baada ya kusikia iritungu kwa karibu, na ndipo masikio yakafunguka: walikuwa wanatafuta uzito na mkerezo ambao mzee wa Kikurya hajawahi kuupoteza.

Sasa kuhusu wenzako, maana nao wana hoja yao na usiwadharau. Miaka mingi iliyopita nilikuwa gita la pili kwenye bendi moja hapa Mwanza. Tulipiga harusi, nikaomba wimbo mmoja niupige kwa D wazi, nikakubaliwa. Wimbo ulipokelewa vizuri. Kilichofuata ni wimbo wa kuingiza maharusi ukumbini, nami sikuwa nimemaliza kurudisha nyuzi. Nikaanza, kordi ya kwanza ikatoka mbaya, mwimbaji akanyamaza, bibi harusi akasimama mlangoni. Kiongozi wa bendi hakunipa nafasi tena kwa muda mrefu, na sikuweza kumlaumu. Siku ile ilikuwa ya wale maharusi.

Kwa hiyo kanisani usilegeze nyuzi katikati ya ibada. Panga na mwalimu wa kwaya: nyimbo za D wazi zifuatane, au kopa gita la pili lisimame pembeni likiwa limeshatyuniwa. Anza na wimbo mmoja wa taratibu, upige mzunguko wa gumba chini ya sauti za kwaya, karatasi uiache nyumbani. Wakizoea, ongeza. Na kabla hujawaomba waipende, rekodi kwa simu ukiwa peke yako, uisikie kesho yake asubuhi. Sauti iliyokufurahisha usiku na bado inakufurahisha asubuhi, hiyo wapelekee.

Kusikiliza: wiki mbili za kwanza usitoke nje ya ziwa. Misiani na Mukabi, kila siku, hata ukiwa unafua. Kisha Mwenda. Kisha mtafute D'Gary wa Madagaska, anayebadili tyuni za gita ili lisikike kama marovany na valiha za kwao. Huyo atakuonyesha umbali ambao mtu anaweza kufika akiondoka na chombo cha nyumbani. Sithole afuate. Hedges, Frith na Rowe waje mwisho. Na kama unaweza, mwezi Juni panda daladala ya Kisesa, shuka Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, wakati makundi mawili, Bagika na Bagalu, yanaposhindana ngoma. Usichukue video. Simama karibu na ngoma za bugobogobo, ile inayochezwa kwa majembe, uhesabu kwa mguu majembe yanaposhuka, halafu ukifika nyumbani jaribu kuyatafuta mapigo yale kwenye bodi ya gita: kiganja karibu na daraja kwa ngoma kubwa, vidole kwenye ubavu wa juu kwa ndogo, na gumba lile lile, sita, nne, tano, nne, likiendelea chini.